Theluji ya Mwanzo wa Msimu Kilimanjaro: Namna ya Kuupandisha Utabiri Hadi Kileleni

Kila Novemba ikielekea ukingoni, simu yangu hujaa picha za skrini. Mtu yuko Dodoma au Mwanza, amelipia safari ya kupanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kusherehekea Uhuru tarehe 9 Desemba, amefungua programu ya hali ya hewa na kuandika "Kilimanjaro". Programu imemjibu: theluji sentimita 12 Jumanne, sentimita 9 Jumatano, sentimita 14 Alhamisi. Anauliza: "Kiongozi, tuahirishe?"

Mara nyingi jibu langu ni hapana. Mara chache ni ndiyo. Kinachotenganisha majibu hayo mawili hakimo kwenye picha aliyonitumia, kwa sababu utabiri ule haukuhesabiwa kwa Kibo tunayoijua sisi. Kompyuta imeuona mlima mfupi, mpana, uliopigwa pasi, ikakadiria mvua ya eneo zima la kilomita nyingi kwa mpigo mmoja. Kazi yako ni kuuchukua utabiri huo pale ulipo na kuupandisha hadi mita 5,895. Hapa chini naeleza ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua, kwa ajili ya viongozi wa kupandisha watu mlimani wanaoanza kazi na kwa yeyote anayepanda mwanzoni mwa msimu.

Hatua ya kwanza: jua ni msimu gani unaoanza

Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Hatuna majira ya theluji kama ya Ulaya. Theluji yetu haifuati baridi, inafuata mvua. Juu ya mita 5,000 hewa huwa ya baridi ya kutosha karibu mwaka mzima; kinachokosekana miezi ya kiangazi ni unyevu. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo miezi Kibo inapovaa shuka jeupe. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule tarehe 11 Mei 1848, aliyekuwa akimwongoza aliuita "baridi", basi. Wasomi wa London wakabisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Nami huwa nawaza: bahati yake alipita Mei, masika ikiwa imeshaupaka mlima.

Kwa kuwa tuna mvua mbili, tuna pia mianzo miwili ya msimu wa kupanda, na theluji zake si za aina moja.

Mwanzo wa Juni, swali si "itaanguka kiasi gani?" bali "imebaki kiasi gani?" Mvua imekatika au inakatika, kusi, upepo wa kusini, inavuma, na juu kuna theluji ya Aprili na Mei iliyoyeyuka mchana na kuganda usiku mara nyingi hadi imekuwa ngumu kama sakafu. Hatari ya Juni ni kuteleza, pamoja na baridi kali ya usiku.

Mwanzo wa Desemba ni kinyume chake. Vuli bado haijaaga. Theluji ni mpya, laini, yenye maji mengi, na inaweza kuanguka jioni ukiwa kambini na kutoweka kabla ya saa sita mchana kesho yake. Hatari ya Desemba ni kulowa kisha kupigwa na baridi, na radi za alasiri.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: upande wa jua. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini mwetu, hivyo miteremko ya kusini ya Kibo, ile inayotazama Moshi, hupata jua la kuparaza tu na theluji yake hukawia. Desemba jua liko kusini, miteremko hiyohiyo inachomwa, na upande wa kaskazini ndio unaohifadhi. Ukiangalia Kibo kutoka Moshi mwezi Desemba na kusema "theluji imeisha", umeuangalia mlima upande mmoja. Mpigie aliyeko Rongai, upande wa kaskazini.

Hatua ya pili: wiki sita kabla, soma tabia ya msimu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani, pamoja na wakati unaotarajiwa mvua kuanza na kukoma. Usiusome kama mkulima anayetafuta siku ya kupanda mahindi. Tafuta mambo mawili tu. Mosi, mvua zinatarajiwa kukoma lini kanda ya kaskazini mashariki. Pili, kama vuli ni ya juu ya wastani, kwa nini.

Hiyo "kwa nini" mara nyingi iko baharini. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, yakiwa ya moto kuliko yale ya karibu na Indonesia, vuli hufura. Ndivyo ilivyokuwa 1997, ndivyo ilivyokuwa 2019. Ndivyo ilivyokuwa pia 1961, mwaka ambao mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa za ajabu kiasi kwamba kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katikati kabisa ya vuli hiyo. Wanaopanda siku hizi kuadhimisha usiku ule wakumbuke walichagua tarehe ya taifa, si tarehe ya mlima.

Ukisikia vuli ya juu ya wastani, usifute safari. Ongeza siku moja ya akiba kwenye ratiba, na mweleze mteja mapema ili asije kusema hakuambiwa.

Hatua ya tatu: siku kumi hadi tano kabla, fungua modeli na uisahihishe

Programu nyingi za simu hazina utabiri wake zenyewe. Zinachota kwenye modeli chache, yaani hesabu kubwa za kompyuta za hali ya hewa: ile ya Marekani iitwayo GFS, ile ya kituo cha Ulaya cha ECMWF, na ICON ya Wajerumani. Ya Ulaya hugawa dunia kwa vipande vya takriban kilomita 9, nyingine zina vipande vikubwa zaidi. Kilele cha Kibo, chenye kreta yake yenye upana wa kilomita 2 hivi, kinamezwa ndani ya kipande kimoja. Ndiyo maana nasema mlima umepigwa pasi.

Kabla ya kusoma chochote, hakikisha vitu vitatu.

Pini iko wapi? Ukiandika "Kilimanjaro" programu zingine hukupeleka kwenye makao ya mkoa, zingine uwanja wa ndege wa KIA, zingine kileleni. Nimeshamwona mtu akifungasha fulana kwa sababu simu ilimwambia nyuzi 27. Ilikuwa inazungumzia Moshi.

Urefu ni upi? Tumia programu zinazokuruhusu kuchagua urefu. Windy inakupa tabaka za anga, Mountain-Forecast inakupa mwinuko mmojammoja wa mlima. Programu isiyosema inazungumzia mita ngapi, ifunge.

Saa ni ya nani? Modeli huendeshwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Kila awamu ya hesabu za modeli huanza saa 00, 06, 12 na 18 za dunia, yaani kwetu saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, na matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Kisha mgeni anakusomea saa ya Kizungu, wewe unafikiri kwa Kiswahili, na mpishi anasikia kitu cha tatu. Andika kwenye karatasi moja, kwa saa za Kiswahili, kisha wote msome hiyo.

Sasa siri ambayo inaokoa hesabu nyingi. Wataalamu wa hewa hupima urefu wa anga kwa mgandamizo. Tabaka la hektopaskali 500 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo huo) hapa kwetu kwenye ukanda wa joto huelea karibu mita 5,870. Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, ni mita 5,895. Yaani tabaka la 500 ni kilele cha Kibo, tofauti yao ni kama jengo la ghorofa nane. Programu zingine huandika pembeni kwamba 500 ni mita 5,500; huo ni wastani wa dunia nzima, huku kwetu hewa yenye joto imevimba na kulisukuma tabaka juu. Tabaka la 600 liko karibu mita 4,400, chini kidogo ya kambi za Barafu na Kibo Hut. Tabaka la 700 liko karibu mita 3,150, baina ya kambi za Mandara na Horombo. Ukiwa na tabaka hizo tatu una mlima wote mkononi, na hutahitaji tena ile picha ya wingu lenye vitone vyeupe.

Hatua ya nne: piga hesabu ya mstari wa theluji

Tuchukue mfano. Modeli inasema usiku wako wa kilele, tabaka la 500 litakuwa nyuzi 6 chini ya sifuri, na tabaka la 600 litakuwa nyuzi 3 juu ya sifuri. Hizo ni namba za kawaida kabisa kwa Kibo.

Kutoka mita 4,400 hadi mita 5,870 ni mita 1,470. Joto limeshuka nyuzi 9. Ni kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Ili ushuke kutoka nyuzi 3 hadi sifuri unahitaji kupanda mita 500 hivi. Basi sifuri iko karibu mita 4,900.

Mtu asiyejua atasema theluji itaanzia mita 4,900. Sivyo. Chembe za theluji huhitaji kuanguka mita mia kadhaa kwenye hewa ya juu ya sifuri kabla hazijayeyuka zote, na mvua ikiwa nzito hewa yenyewe hupozwa na kule kuyeyuka. Mimi hushusha mstari kwa mita 300. Kwa hiyo mvua ya kawaida hapa itakuwa theluji kuanzia mita 4,600: Barafu, iliyo karibu mita 4,670, itapata theluji ya majimaji, Kibo Hut, karibu mita 4,720, vivyo hivyo, Horombo, mita 3,720, itapata mvua tupu. Radi ya alasiri ni kesi nyingine. Hiyo huvuta hewa baridi kutoka juu kwa nguvu na kumwaga mvua ya mawe au punje nyeupe hadi chini ya Lava Tower, ule mnara wa mwamba ulio mita 4,600 hivi. Ukifika kambi ya Barranco ukaikuta nyeupe saa kumi jioni, usishtuke wala usidhani msimu umegeuka. Asubuhi itakuwa imeondoka.

Kama huna tabaka za anga na una joto la Moshi tu, njia ya dharura ni kutoa nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi iko kwenye mita 900 hivi, hadi kileleni ni kama mita 5,000, toa nyuzi 30. Lakini tumia joto la wastani wa siku, si la saa nane mchana jua likiwa utosini, la sivyo utajidanganya kwa nyuzi 6 nzima.

Hatua ya tano: unyevu kwanza, milimita baadaye

Hapa ndipo picha ya yule mteja inapoharibika. Modeli inaona milimita 12 za mvua kwenye kipande chenye mlima, inaona joto liko chini ya sifuri, inazidisha, inaandika sentimita 12 za theluji. Kanuni yenyewe si mbaya: milimita moja ya maji huzaa karibu sentimita moja ya theluji kavu, na kwa theluji yetu ya majimaji huzaa pungufu ya hapo. Tatizo ni kwamba mvua ya Kilimanjaro haianguki kileleni. Inaanguka msituni. Karibu mita 2,200, juu ya Machame na Umbwe, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukipita msitu na kutoka kwenye nyika ya juu, mvua inapungua kadiri unavyopanda, na kileleni kinafika kipande kidogo tu cha ile. Wingu linafilisika njiani.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini milimita, angalia unyevu wa tabaka la 500 na la 600. Mimi natumia vipimo vyangu vya mkono, vilivyotokana na daftari langu, si sheria ya mtu yeyote. Unyevu wa tabaka la 500 ukiwa chini ya asilimia 40, ile theluji iliyoandikwa naigawa kwa tano au naifuta kabisa. Ukiwa kati ya 40 na 70, naigawa kwa mbili na kutarajia iwe ya alasiri. Ukiwa juu ya asilimia 80 usiku na mchana, siku mbili mfululizo, na modeli zote tatu zinakubaliana, hapo ndipo ninapomwambia mteja "ndiyo, tusogeze siku."

Angalia pia upepo wa tabaka hizo unatoka wapi. Kusi inaleta mawingu upande wa Moshi na Marangu. Kaskazi ya Desemba inayaleta upande wa Rongai na Loitokitok, ambako vuli ndiyo mvua ya kutegemewa. Ya kuogopa zaidi ni upepo wa magharibi, ule unaotoka Kongo. Ni nadra, lakini unapokuja unabeba unyevu mzito na wa juu, si ule ukungu wa msituni. Mara nyingi huambatana na kimbunga kinachozunguka karibu na Madagaska. Ukisikia kimbunga kule, hata kama ni mamia ya kilomita kutoka pwani yetu, kagua mwelekeo wa upepo kila asubuhi.

Kuhusu upepo wenyewe: soma kasi ya tabaka la 500 kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya ukingo wa kreta, maana hewa hujibana ikipita juu ya ukingo. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Upepo ukifika kilomita 40, inahisi nyuzi 21 chini. Usiku wa kilele unapigwa na huo kwa saa sita au saba.

Hatua ya sita: saa 48 za mwisho, acha modeli, tafuta macho

Siku mbili kabla, modeli imeshasema yake. Fungua picha za setilaiti. Meteosat iliyowekwa juu ya Bahari ya Hindi inaona mlima wetu na hutuma picha kila dakika 15, bure. Tazama jinsi mawingu yalivyozaliwa jana: yalianza saa ngapi, yalifika juu kiasi gani, yalikufa lini. Kwenye ukanda wa joto, kesho hufanana na jana kuliko modeli inavyokiri. Soma pia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa za siku hizo, hasa za mvua kubwa.

Kisha piga simu. Hakuna chombo kinachomshinda mgumu, yaani mbeba mizigo, aliyeshuka leo asubuhi. Lakini muulize vizuri. Ukimuuliza "kuna theluji?" atakujibu "ipo", na hujapata kitu. Muulize: mguu ulizama hadi wapi, kifundo au goti? Theluji ilianzia kabla ya Stella, pale ukingoni mwa kreta, au baada yake? Saa ya kushuka theluji ilikuwa ngumu au tope? Kamba ya hema asubuhi ilikuwa imeganda? Uliona Mawenzi, kile kilele cha pili? Tangu 2022 shirika la simu la TTCL limefikisha intaneti Horombo na baadaye kileleni, hivyo siku hizi unaweza kutumiwa picha asubuhi ileile. Omba picha ya buti kwenye theluji, si ya watu wanaocheka kwenye kibao cha kileleni.

Juni kuna mtego wa pekee. Moshi inafunikwa na wingu la kijivu la kusi siku nzima, watu wamevaa makoti, na wageni wananung'unika hotelini. Wingu hilo mara nyingi halina unene. Unatembea ndani yake msituni, na ukifika mita 3,000 hivi unatokea juu yake, jua kali, Kibo wazi, chini yako bahari ya pamba. Kwa hiyo mwezi Juni usimwulize mtu wa Moshi hali ya hewa ya mlimani. Hajaiona wiki nzima.

Hatua ya saba: ukiwa mlimani, soma siku kama saa

Mlima una mapigo yake. Usiku hewa nzito ya baridi huteremka, anga hufunguka. Asubuhi jua hupasha miteremko, hewa hupanda ikiburuta unyevu wa msitu, na kuanzia saa nne au saa tano wingu huanza kutambaa juu. Alasiri limefunika. Jioni linazama tena. Hii ndiyo sababu tunaondoka Barafu karibu na saa sita usiku: mbali na kutafuta macheo, tunapanda ndani ya dirisha lililo wazi.

Kwa hiyo ishara si wingu. Ishara ni wingu lililokosea saa. Wingu lililofika Barranco saa mbili asubuhi badala ya saa tano linasema hewa ya juu ina unyevu wake wenyewe. Wingu la alasiri ambalo saa mbili usiku bado liko linasema usiku huu hautafunguka. Wingu laini lenye umbo la sinia lililotulia juu ya Mawenzi linasema kuna upepo mkali juu, hata kama hema lako halitikisiki. Duara kuzunguka mwezi ni barafu nyembamba ya juu sana; peke yake si kitu, lakini likifuatiwa na anga kunenepa siku ya pili, jiandae.

Andika kila siku: saa ya wingu la kwanza, saa ya mvua, saa ya anga kufunguka. Siku ya nne utakuwa na utabiri bora kuliko wa simu yoyote.

Hatua ya nane: uamuzi wa usiku wa kilele

Saa tatu usiku, toka nje ya hema na taa. Ikiwa nyota zipo na ardhi imeganda, endeleeni na ratiba. Sentimita 5 za theluji juu ya kokoto zilizoganda kwa kweli ni zawadi: zile kokoto za kabla ya Stella, ambazo hukurudisha nusu hatua kila unapokanyaga, zinashikana na mguu unatulia.

Ikiwa theluji inaanguka lakini upepo ni mdogo, subiri. Nimewahi kuchelewesha kundi hadi saa tisa usiku, anga ikafunguka, na tukafika Stella, mita 5,756, jua likiwa limeshatoka. Hakuna aliyelalamika kukosa macheo. Lakini ukichelewa kuanza, saa ya kugeuka inabaki palepale, kwa sababu wingu la mchana halikuahirisha safari yake. Kwangu, saa nne asubuhi kila mtu awe anashuka.

Ikiwa theluji inaanguka na upepo unaifagia kiasi kwamba taa yako haioni hatua kumi mbele, hakuna kwenda kileleni usiku huo. Nyayo hufutika ndani ya dakika chache, na kati ya Stella na Uhuru njia ikipotea ni rahisi kuutelezea upande wa barafu. Yule mteja wa tarehe 9 Desemba hataelewa. Mwache asielewe, akiwa kwenye begi lake la kulalia.

Kwa njia ya Western Breach ongeza jambo moja. Upande ule wa magharibi hupata jua baada ya mchana tu, wakati mwingi limezibwa na wingu, hivyo theluji yake hukaa muda mrefu, na barafu iliyoshika mawe huachia inapopata joto. Januari 2006 mawe yalianguka pale na kuua wapandaji watatu. Mwanzo wa msimu, ukiwa na theluji inayoyeyuka, chagua njia nyingine.

Na vifaa? Miwani ya giza hata kama kuna ukungu, kwa kuwa theluji mpya hurudisha sehemu kubwa mno ya mwanga na macho huungua bila kuuma hadi jioni. Glavu mbili, ya ndani na ya nje. Kitambaa cha kukinga buti hadi chini ya goti, maana kinachoua vidole ni theluji iliyoingia kwenye buti ikayeyuka. Kisha fungua mizigo ya wagumu, si ya wageni. Mwaka mmoja nilifanya kazi na kampuni iliyotupandisha mwanzoni mwa Desemba, na asubuhi ya theluji Barafu nikakuta vijana wawili wana raba zilizolowa na soksi moja kila mmoja. Utabiri nilikuwa nao tangu wiki iliyotangulia, umeandikwa vizuri kwenye daftari. Sikuwa nimewasomea wao. Siku hizi naukagua mguu wa kila mtu getini, Machame au Marangu, kabla mzigo haujapimwa kwenye mizani, na asiye na buti haendi hadi apatiwe.

Hatua ya tisa: rudi na daftari

Ukishuka, kaa chini siku hiyohiyo kabla ya kuoga na kusahau. Safu ya kwanza andika modeli ilisema nini siku tano kabla, safu ya pili siku mbili kabla, safu ya tatu kilichotokea: kina cha theluji kwa kifundo au goti, kilianzia wapi, joto la kwenye kipimajoto chako saa kumi na mbili asubuhi, upepo ulitoka wapi. Baada ya safari kumi utaanza kuona kosa linalojirudia. Langu la Desemba ni kwamba modeli inazidisha theluji ya alasiri na kupunguza baridi ya alfajiri, maana anga ikifunguka juu ya theluji mpya, ardhi hutema joto lake lote na kipimajoto hushuka nyuzi kadhaa chini ya namba ya tabaka la 500. La Juni ni kwamba modeli haijui kabisa theluji ya zamani imekaa wapi. Hilo bado ni la simu kwa mgumu.

Na yule wa picha ya skrini, ya sentimita 12, 9 na 14? Nilifungua tabaka la 500: unyevu asilimia 35, upepo wa kaskazi mwepesi. Nikamwandikia: "Njoo. Leta glavu mbili."